Tageti Inapopanda Uluguru

Leo naomba tukae kidogo na wale vijana wa miavuli.

Unawajua. Ukitoka Bigwa ukaifuata barabara ya Kisaki, ukaipita Kiroka, ukafika Mkuyuni siku ambayo watu wametelemka na mizigo yao, hukosi kumkuta mmoja. Mwavuli wa rangi ya kampuni, fulana ya rangi hiyohiyo, meza ya plastiki kama ipo, simu ya kusajilia mkononi, na kile kimashine cha alama za vidole kimefungwa rababendi kisije kikadondoka. Anauza laini. Mwenzake anauza sola za kulipia kidogo kidogo, mwingine bima, mwingine anatafuta akina mama wa kuwaunga kwenye vikundi vya mikopo. Mimi leo nashika laini, kwa sababu ndiyo imefika vitongoji vya juu kule kabla ya nguzo ya umeme.

Kwa macho ya haraka huyu ni mchuuzi kama wachuuzi wengine. Mama wa mananasi yuko upande huu, kijana wa laini upande ule, jua moja, vumbi moja. Lakini mama wa mananasi akiuza kumi na nne akachoka, anakunja gunia lake anaondoka. Hakuna mtu wa kumpigia saa mbili usiku kumuuliza, "Zile sita za kutimiza ishirini ziko wapi?" Kijana wa laini anaye mtu huyo. Na mtu huyo naye ana mtu wake.

Siku ya kijana huanza kwenye simu, kabla ya chai. Kuna kundi la WhatsApp. Superviza anaandika: majembe, habari za asubuhi, jana tumefanya vibaya, leo nataka kila mtu aniambie yuko wapi na atatoa ngapi. Majembe wanajibu mmojammoja. Huyu Matombo, kumi na tano. Huyu Kinole, kumi. Ukikaa kimya unatajwa kwa jina. Ukitaja namba ndogo unaulizwa kama umechoka kazi. Saa sita mchana inatumwa picha ya orodha: wa kwanza juu, wa mwisho chini, na walio chini wamepakwa rangi nyekundu. Jioni orodha nyingine. Mwisho wa mwezi ndiyo hesabu yenyewe, na aliyeshindwa kufikisha mara mbili tatu anaweza kuamka asubuhi akakuta ametolewa kwenye kundi. Hapewi barua wala kuitwa kikaoni, na ile mashine anadaiwa arudishe.

Neno linalotawala hapo ni tageti. Nimewahi kusikia watu wazima wakilitamka kama wanavyotaja ugonjwa: "Kijana wangu hawezi kuja msibani, ana tageti."

Sasa tuifuate hiyo tageti ilikotoka. Maji ya mashariki ya Uluguru yanateremka, yanaingia Ruvu, yanakwenda kunywewa Dar es Salaam. Tageti inakuja kinyume chake: inatoka ghorofani Dar es Salaam, inapanda mpaka Morogoro mjini, inapita Bigwa, inaukwea mlima. Wenye mali wa baadhi ya kampuni hizi wako Afrika Kusini, India na Vietnam, nao wanataka kuona mwaka huu umeushinda mwaka jana. Makao makuu yanagawa ukuaji huo kwa kanda. Meneja wa kanda anagawa kwa mikoa, na kwa usalama wake anaongeza kidogo juu, maana anajua wako watakaoshindwa. Meneja wa mkoa anagawa kwa masuperviza, naye anaongeza kidogo. Superviza anagawa kwa vijana, anaongeza kidogo. Namba ikifika Mkuyuni imenenepa, na kijana wa mwavuli hana wa chini yake wa kumgawia.

Ana mteja tu.

Kila aliyeongeza alikuwa na sababu yake. Sidhani kama kuna mtu mwovu kwenye mnyororo huo. Meneja wa mkoa ana mkopo wa nyumba na mtoto shule ya bweni, na asubuhi yake mwenyewe inaanza kwa simu ya kanda. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulishika: ukimtafuta wa kumlaumu, kila unayemgusa anakuonyesha wa juu yake.

Hapa naomba niingize hesabu, na msikilizaji usizime redio. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120. Karibu nusu yetu tuna umri chini ya miaka 18. Laini za simu zinazotumika nchini, kwa takwimu za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimeshapita milioni 80. Maana yake, kwa kila mtu mzima kuna laini zaidi ya mbili. Ndiyo, wako wenye laini nne halali kabisa, mimi mmoja wao: huu mtandao unashika nyumbani, ule unashika shambani, mwingine nautaka kwa bando lake. Lakini Mkuyuni haizai watu wazima wapya kila mwezi kwa kasi ya tageti. Kijana akishawauzia wote wanaohitaji laini, mwezi unaofuata namba inarudi palepale, au imepanda. Atamuuzia nani?

Atamuuzia aliyekwisha nunua.

Njia ya kwanza ni ya kuchekesha. Anamwomba shangazi yake, wifi yake, mafundi wa pikipiki, kila mtu achukue laini ya hisani. "Shikamoo mama mdogo. Nisaidie kidole tu, hulipi kitu." Laini inasajiliwa, inatupwa kabatini. Kwa kuwa mara nyingi kamisheni haitoki mpaka laini iwekewe vocha na itumike, kijana anaiwekea vocha kwa hela yake mwenyewe, anapiga simu mbili tatu, mfumo unaiona hai. Yaani anamlipa mwajiri ili mwajiri amlipe. Kwenye orodha ya jioni jina lake linapanda kwenye kijani, na superviza anamwekea picha ya makofi.

Njia ya pili haichekeshi. Ili uielewe, kumbuka usajili ulivyobadilika. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndiyo iliyotutaka tusajili laini. Mwanzoni ilitosha kitambulisho chochote na fomu. Mei 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA, ile yenye tarakimu 20. Mwisho ukawekwa tarehe 31 Desemba. Watu wakafurika ofisi za NIDA, foleni zikalala nje, mpaka Rais John Magufuli, akiwa Chato mwisho wa mwaka ule, akaongeza siku 20 hadi tarehe 20 Januari 2020. Lengo lilikuwa jema: kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana, matapeli wakose pa kujificha.

Basi fikiria bibi ametelemka na ndizi zake. Laini yake imepotea, anataka nyingine. Vidole vyake ni vya mtu aliyelima miaka hamsini, mistari imelika. Kijana anamwambia, "Bibi, weka kidole gumba." Bibi anaweka. "Haijasoma bibi, futa jasho, weka tena." Anaweka. "Weka na hiki cha pili." Mara nyingi ni kweli haikusoma, kimashine kile kinasumbua hata vijana. Lakini mara nyingine ilisoma tangu mwanzo, na kile kidole cha pili kimesajili laini ya pili ambayo bibi hataiona maisha yake yote. Bibi anashukuru, anasema "Mungu akubariki mwanangu," anakwenda zake.

Ile laini ya pili imetimiza tageti ya siku. Kijana anaweza kuishia hapo, akaitupa. Au siku moja anakuja mtu mwenye maneno matamu anayenunua laini zilizokwisha sajiliwa, kwa bei inayoshinda kamisheni. Huyo hataki kupiga soga. Huyo ndiye anayekuandikia ujumbe, "Ile hela itume kwa namba hii." Ndiye mganga, ndiye mwenye nyumba wako aliyebadilisha namba, ndiye mwalimu anayesema mwanao kaanguka shuleni.

Na hapa Morogoro tuna haya ya kwetu. Taarifa za TCRA za kila robo mwaka, zikihesabu namba zilizobainika kwenye majaribio ya utapeli, zimekuwa zikiitaja Morogoro na Rukwa juu kabisa, na Ifakara na Sumbawanga zinatajwa kwa jina. Watu wa mikoa mingine wanatutania: ukipokea simu kutoka Morogoro ishike mfuko wako. Tunacheka, lakini siku polisi wanapoifuatilia laini iliyoiba, jina linalotoka kwenye mfumo linaweza kuwa la bibi wa ndizi.

Sisemi kila kijana wa mwavuli ni mwizi. Wengi sana wanafanya kazi safi, na wengine wamesomesha wadogo zao kwa kamisheni. Kuna wauzaji hodari ambao ni raha kuwatazama: anakujua jina, anakumbuka mtandao gani unashika bondeni kwenu, anakwambia wazi bando hili halikufai. Shinikizo nalo si sumu kwa kila kipimo. Kazi isiyo na lengo lolote tumeiona kwenye ofisi ambazo siwezi kuzitaja, ambako saa nne asubuhi mtu bado anatafuta miwani. Ninachokikataa ni lengo lisilotazama mahali. Lengo la aina hiyo likishindwa kutimizwa kwa kweli, litatimizwa kwa uongo, kwa sababu uongo ndio pekee uliobaki wazi.

Na hili si letu peke yetu. Huko Marekani, miaka ya 1880, John Patterson wa kampuni ya National Cash Register mjini Dayton alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumgawia kila muuzaji eneo lake na kiwango chake cha mauzo, pamoja na maneno ya kukariri mbele ya mteja. Mmoja wa wanafunzi wake, Thomas Watson, alifukuzwa pale akaenda kuijenga IBM. Kutoka hapo mtindo ukasambaa duniani, mpaka ukatufikia sisi na mwavuli.

Lakini mfano wenyewe ni wa benki ya Wells Fargo, ya hukohuko Marekani. Hii ilikuwa benki kubwa yenye sifa nzuri. Wakubwa wake walitaka kila mteja awe na huduma nane: akaunti ya kawaida, ya akiba, kadi, mkopo, na kuendelea. Kwa nini nane? Kwa Kiingereza nane inatoa kina na neno la sifa, ikawa kauli mbiu nzuri. Ndivyo namba nyingine zinavyozaliwa, kwa mlio tu. Makarani wa matawi wakawa wanaulizwa mara kadhaa kwa siku wameuza ngapi. Wateja wa nane hawakuwepo. Basi makarani wakafungua akaunti kwa majina ya wateja bila kuwaambia, wakabuni anwani za barua pepe, wakaweka namba za siri wenyewe. Septemba 2016 mambo yakawa hadharani: akaunti zipatazo milioni mbili zilizotiliwa shaka, baadaye hesabu ikapanda hadi milioni tatu na nusu. Faini ya kwanza dola milioni 185, na mwaka 2020 maafikiano ya dola bilioni tatu.

Sikiliza hii: kabla ya kelele hizo, benki ilikuwa imekwisha fukuza wafanyakazi wapatao 5,300 katika miaka kama mitano kwa sababu ya akaunti hizo. Elfu tano na mia tatu, msikilizaji! Ukifukuza watu kumi kwa kosa moja, unaweza kusema umepata watu kumi wabaya. Ukifukuza elfu tano na zaidi kwa kosa lilelile, inabidi uitazame kazi uliyowapa. Mkurugenzi mkuu, John Stumpf, aliondoka Oktoba 2016, na ilichukua mpaka 2020 kwa msimamizi wa mabenki kumfungia kazi ya benki na kumtoza dola milioni 17 na nusu. Wa chini waliondoka kwanza, tena bila kelele.

Wapo watakaosema mambo ya Marekani yako mbali na Mkuyuni. Haya, tusiende mbali. Tuuchukue mlima huuhuu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waingereza walikuja na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Nia ilisemwa kuwa njema, na kwa kiasi ilikuwa hivyo: mvua zilikuwa zinabeba udongo, mito inachafuka. Dawa iliyoletwa ikawa matuta ya ngazi. Wananchi wakaamriwa kuyachimba kwenye miteremko yao. Kulikuwa na maofisa wa kilimo, wakufunzi, majumbe, kila mmoja akitakiwa aonyeshe kazi inakwenda. Na kazi inayoonekana kwa bwana mkubwa aliyesimama barabarani na darubini ni tuta. Rutuba haionekani kwa mbali.

Wazee walijua kitu ambacho mpango haukukijua. Udongo mzuri wa miteremko ile ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia ule wa juu, unauleta juu ule wa chini usio na kitu, na mahindi yanadumaa. Watu walisema, na jibu lilikuwa chimba. Julai 1955 umma ulikusanyika Matombo, jirani tu na hapa Mkuyuni, ukakataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Baada ya hapo mpango ule wa kulazimishana ukaachwa, na watu wa siasa ya uhuru wakapata masikio mengi zaidi Uluguru kuliko waliyokuwa nayo.

Kwenye matuta yale naiona tageti ileile. Imeandikwa mbali, imepandishwa mlimani na watu ambao kila mmoja anamwogopa wa juu yake, imefika kwa mkulima ikiwa amri. Kwenye taarifa, maendeleo. Shambani, mahindi ya kimo cha goti. Walichokuwa nacho wazee wa 1955 na ambacho kijana wa mwavuli hana ni kwamba wao walikuwa pamoja, na kila mmoja aliliona shamba la mwenzake. Kijana wa laini yuko peke yake na simu yake, na wenzake wa kundi la WhatsApp amepewa wawe washindani wake.

Kwa upande wa mikopo nitapita haraka, maana siku yake inakuja. Mnaijua ile tunayoiita kausha damu. Afisa mikopo naye ana tageti mbili zinazopigana: agawe mikopo mingi, na isikawie kulipwa hata mmoja. Ya kwanza inamfanya ampe mtu asiyeweza kulipa, ya pili inamfanya aje kuchukua godoro. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewaleta wakopeshaji chini ya Benki Kuu, na leseni sasa ni lazima. Leseni haisomi kundi la WhatsApp la afisa mikopo, lakini ni mwanzo.

Turudi kwenye miavuli, kuna mawili ya kufanya wiki hii.

La kwanza ni la bibi wa ndizi na la kila mtu. Piga nyota 106 reli kwenye simu yako, uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mjukuu amsaidie bibi. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako ukaikane, ifutwe. Na ukipata ujumbe wa tapeli, iripoti namba yake kwa 15040. Siku ukisajili laini mpya, kila mara unapoambiwa haijasoma, sema nionyeshe hicho kioo. Kijana mwaminifu hatakasirika.

La pili ni la kijana mwenyewe. Umeambiwa wewe si mwajiriwa, wewe ni frilansa, mtu huru. Sawa. Lakini kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa humo. Baadhi ni haya: namna unavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zako za kazi zinaongozwa na mwingine, unamtegemea kiuchumi, umepewa naye vifaa vya kazi, unamfanyia kazi yeye peke yake. Sasa jiangalie. Nani alikwambia asubuhi uwe Mkuyuni? Kimashine ni cha nani? Fulana ya nani? Unaruhusiwa kuuza laini za mtandao wa pili chini ya mwavuli uleule? Waajiri wana mawakili na watabisha, na si kila kesi itashinda, lakini anayetakiwa kuthibitisha kuwa wewe si mwajiriwa ni yeye.

Wa kusikiliza yupo: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi yao ipo Morogoro mjini. Lalamiko la kuachishwa kazi linatakiwa lifike ndani ya siku 30. Tunza zile orodha za rangi nyekundu, tunza zile amri za asubuhi, usizifute kwa hasira. Na kama hukupewa barua, siku zako anza kuzihesabu tangu ile uliyoamka ukakuta umeondolewa kwenye kundi.